"Apate" si "Akapata"

Juma lililopita tulitazama namna ya kuandika anwani na salamu katika barua ya Kiingereza. Leo tuingie ndani ya barua yenyewe, tukitazame kineno kimoja tu cha Kiswahili: "ili". Ni kineno kidogo, herufi tatu. Lakini mimi kilinipa aibu kubwa, na kijana mmoja kilimrudisha nyuma mwaka mzima. Nitawasimulia, maana mwalimu afichaye makosa yake huwaachia wanafunzi wake wayarudie.

Mimi, kama mjuavyo, ni karani wa parokia, na nyumbani kwangu ni Kikwajuni, hapa mjini Unguja, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja. Kabla ya ukarani nilipita chuo cha ualimu. Kwa hiyo watu wakitaka barua ya Kiingereza huja kwangu jioni, hukaa barazani, husema yaliyo moyoni mwao, nami huandika. Siku hizi barua nyingi zaenda kwa kompyuta, hazihitaji stempu. Hata hivyo kazi ni ile ile: kuyachukua maneno ya mtu na kuyafikisha kwa mwingine bila kuyapotosha.

Basi siku moja alikuja mama mmoja mjane, mtu wa shamba. Mwanawe wa kiume alikuwa akisoma mjini katika shule ya kulipa, na ada yake ililipwa na watu wema wa Ulaya. Kila mwaka watu hao walitaka wapate habari za mtoto.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nataka uniandikie wale wafadhili. Waambie hivi: Nilimleta mwanangu mjini ili amalize kidato cha nne. Nawashukuru sana kwa yote waliyotutendea."

Nikachukua kalamu, nikaandika: "I brought my son to town so that he finished Form Four." Nikamsomea, akaridhika. Mimi nami nikaridhika. Niliwaza hivi: "Nilimleta" ni wakati uliopita, kwa hiyo nimeweka "brought". Basi na "amalize" nayo yafaa iingie katika wakati uliopita, kwa hiyo nimeweka "finished". Niliona vitendo viwili vimekaa pamoja vizuri, kama ng'ombe wawili katika gari moja.

Baada ya majuma machache majibu yakaja. Wale watu walisema wamefurahi mno kwamba kijana amemaliza kidato cha nne. Wakampongeza mama kwa uvumilivu wake. Na kwa kuwa kazi yao kwa kijana huyo sasa imekwisha, msaada wao wameupeleka kwa mtoto mwingine. Kijana wetu, wasomaji wapenzi, alikuwa kidato cha pili!

Mama akaja na karatasi mkononi. Hakukaa. Aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu karani, nani amewaambia kwamba mtoto kamaliza?"

Sikuwa na la kujibu. Nikaitafuta nakala ya barua yangu, nikaisoma mara tatu, nisione kosa. Mwisho nikampelekea padri mmoja mzee, mtu aliyesoma Kilatini seminarini zamani. Aliisoma mara moja, akavua miwani, akasema: "Karani, mama huyu alikuambia 'apate kumaliza'. Wewe umeandika 'akapata kumaliza'."

Hilo ndilo somo letu la leo, na ukilishika hilo peke yake umeshika karibu yote. Twende polepole.

Kwanza tutazame lugha yetu wenyewe. Sisi twasema: "Ninamtuma mtoto kisimani ili alete maji." Twasema pia: "Nilimtuma mtoto kisimani ili alete maji." Na tena: "Nitamtuma mtoto kisimani ili alete maji." Je, mmeona? Kitendo cha kutuma kimebadilika mara tatu: leo, jana, kesho. Lakini "alete" imekaa pale pale. Haina jana wala kesho. Ina kusudi tu. Ile "a" ya mwisho imegeuka kuwa "e", na "e" hiyo yatuambia kwamba jambo hili latakiwa. Kama limetokea ama halikutokea, yenyewe haisemi. Vitendo vilivyotoka Kiarabu, kama kusamehe na kufikiri, havigeuki mwisho wake. Twasema "ili asamehe" na "ili afikiri", lakini kazi ni ile ile.

Tukitaka kusema kwamba jambo limetokea kweli, twatumia namna nyingine: "Nilimtuma mtoto kisimani, akaleta maji." Hapo maji yamefika, chungu chaweza kutelekwa. Lakini mtu akisema "ili alete maji", usiteleke bado. Huenda kamba ya ndoo imekatika.

Wageni waliokuja kujifunza lugha yetu iliwabidi walishike jambo hili mapema. Edward Steere, Mwingereza wa kanisa la Kianglikana, alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili kama kisemwavyo hapa Unguja. Habari za "a" kugeuka "e" zimo humo. Katika upande wetu Wakatoliki alikuwapo Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu. Alitoa sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, na kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa ikatoka Paris mwaka 1939. Watu hao walitoka katika lugha zenye kuhesabu nyakati hata ndani ya kusudi, wakaingia katika lugha isiyohesabu. Sisi twasafiri njia ile ile, lakini twatoka huku kwenda kule. Walichokiacha wao mlangoni, sisi yatubidi tukiokote.

Na kitu chenyewe ni hiki. Katika Kiingereza, kitendo cha kusudi humfuata mkubwa wake. Mkubwa akiwa wa leo, mdogo huvaa nguo za leo. Mkubwa akiwa wa jana, mdogo huvaa nguo za jana. Lakini mdogo huyo hatembei peke yake. Kwa kawaida hushikwa mkono na kitendo kisaidizi. Visaidizi vya leo na kesho ni "can", "may" na "will". Visaidizi vya jana ni "could", "might" na "would".

Basi kama kitendo kikuu ni cha leo au kesho, tuseme:

"I am sending the child to the well so that he can bring water."

"I will send the child to the well so that he can bring water."

Na kama kitendo kikuu ni cha jana:

"I sent the child to the well so that he could bring water."

Sasa hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Shuleni tulifundishwa kwamba "could" maana yake ni "aliweza". Kwa hiyo mwanafunzi akiona "so that he could bring water" hudhani maji yameletwa. La, hasha! Katika mahali hapa "could" haisemi kwamba aliweza. Imevaa nguo ya jana kwa sababu tu "sent" ni ya jana. Sisi Waswahili twapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine, maana twaishi na upatanisho kila siku. Twasema "kitabu kizuri" na "mti mzuri". Ile "ki" katika "kizuri" haileti habari mpya juu ya uzuri. Yafuata kitabu tu. Na "could" yafuata "sent" vivyo hivyo. Sisi twapatanisha ngeli, Waingereza wapatanisha nyakati. Yule padri mzee aliniambia kwamba hata Kilatini kina sheria ya namna hiyo, nacho ni kikali zaidi. "Mitto puerum ut aquam ferat", namtuma mtoto alete maji. "Misi puerum ut aquam ferret", nilimtuma mtoto alete maji. Kwa Kiswahili ni "alete" na "alete", kwa Kilatini ni "ferat" na "ferret".

Je, ukiondoa kisaidizi, ukaweka kitendo cha jana kikiwa peke yake? Ukaandika "I sent the child to the well, so that he brought water"? Basi umetoka katika kusudi, umeingia katika tokeo. Msomaji Mwingereza ataelewa: "Nilimtuma mtoto kisimani, hata akaleta maji." Maji yamo ndani ya nyumba. Ndivyo nilivyofanya mimi kwa yule kijana. "So that he finished" ni "hata akamaliza". Wale watu wa Ulaya hawakukosea hata kidogo. Walisoma nilichoandika.

Kuna njia rahisi ya kujipima. Ongeza mwishoni maneno ya kuonyesha kwamba jambo halikutokea, uone kama sentensi yakubali. "I sent the child to the well so that he could bring water, but the rope broke." Yakubali: nilimtuma alete maji, lakini kamba ilikatika. Sasa jaribu: "I sent the child to the well, so that he brought water, but the rope broke." Haikubali. Maji yameletwa, tena kamba imekatika kabla hayajatekwa? Ni upuuzi.

Na njia ya pili, rahisi zaidi, ni ile ya padri. Wazee wetu hupenda kusema "apate": "Nilimpeleka shule apate kusoma." Hiyo "apate" ni ndugu wa "can" na "may". Kwa hiyo, kabla hujaandika Kiingereza, ijaribu sentensi yako kwa Kiswahili. Ukiweza kuweka "apate", basi kitendo chako chataka kisaidizi: "could" au "might" kwa mambo ya jana, "can" au "may" kwa mambo ya leo. Lakini kama maana yako ni "akapata", basi weka kitendo cha jana kikiwa peke yake.

Tuchukue mfano wa akina mama wa Paje wanaolima mwani. "Aliukausha mwani apate kuuza." Hii ni "She dried the seaweed so that she could sell it." Bado hatujui kama umenunuliwa. "Aliukausha mwani vizuri, hata akapata kuuza wote." Hii ni "She dried the seaweed well, so that she sold it all." Fedha imo mkobani. Angalieni na ile alama ya mkato mbele ya "so that". Mara nyingi Waingereza huiweka wakisema tokeo, na huiacha wakisema kusudi.

Mtaniuliza: Je, nichague "can" au "may"? Katika mazungumzo na barua za kawaida "can" na "could" zatosha. "May" na "might" ni za heshima zaidi, zafaa katika barua ya ofisini. "Will" na "would" hutumiwa sana penye uhakika, na hasa penye kukataa: "We left early so that we would not be late." Tuliondoka mapema ili tusichelewe. Lakini usiunge visaidizi viwili pamoja. "So that he will can" haipo, wala "so that he can to bring" haipo.

Liko jambo moja zaidi, wala msilisahau. Mara nyingine kitendo kikuu ni cha jana, lakini kusudi lenyewe lingali hai leo, bado twaliendea. Hapo Kiingereza chakubali "can": "I bought this book so that my children can learn English." Nimekwisha kukinunua, lakini watoto bado wanajifunza. Ukisema "could" si kosa, ila haimwonyeshi msomaji kwamba kazi ingali mbele. Na ukitumia "have", kama "I have brought him to town", basi "can" ndiyo inayokaa vizuri: "so that he can finish".

Na kwa wale wanaochoka na hesabu hizi zote, iko njia ya mkato. Kama mtendaji ni mmoja pande zote mbili, acha "so that", tumia "to". "Baba alikwenda Pemba ili achume karafuu." Aliyekwenda ni baba, atakayechuma ni baba. Basi: "My father went to Pemba to pick cloves." Hiyo "to pick" haibadiliki, iwe jana, leo au kesho, kama "e" yetu. Usiandike "to picked", na usiandike "for to pick". Lakini kama watendaji ni wawili, mara nyingi njia hii ya mkato haitoshi. Rudi kwenye "so that", uchague kisaidizi.

Sasa, wazazi na watoto, leteni taa mezani. Haya ni maneno matano ya kujaribu. Mtoto asome, mzazi asikilize, kisha mtafute Kiingereza chake kabla ya kutazama majibu.

1. Ninafungua dirisha ili hewa iingie.

2. Tuliamka alfajiri ili tusiachwe na boti.

3. Baba alinunua taa ili watoto wasome usiku.

4. Mvua ilinyesha usiku kucha, hata njia ikakatika.

5. Nitampigia dada simu ili ajue habari.

Majibu ni haya. La kwanza: "I am opening the window so that air can come in." La pili: "We got up at dawn so that we would not miss the boat." La tatu: "Father bought a lamp so that the children could read at night." La nne lina mtego, maana si kusudi bali ni tokeo, mvua haikukusudia kukata njia: "It rained all night, so that the road was cut." La tano: "I will telephone my sister so that she may know the news." Aliyepata manne amefanya vizuri. Aliyelipata la nne amelielewa somo.

Huenda mmoja wenu atasema: Sisi ni wakulima na wavuvi, nyakati za Kiingereza zatuhusu nini? Zawahusu watoto wenu. Mtoto akiingia sekondari mitihani yake mingi ni ya Kiingereza. Na zawahusu ninyi pia kila mara mnapomwambia mtu akuandikieni barua, au ombi la kazi, au maelezo ya mgonjwa. Mwandishi akikosea hapa, barua yenyewe haionyeshi kosa. Maneno yote yako sawa, herufi ziko sawa, ila imesema jambo lisilokuwapo. Kosa linaloonekana husahihishwa. Kosa lisiloonekana huaminiwa.

Nataka kumaliza habari ya yule mama. Tuliandika barua ya pili, nikaomba radhi kwa jina langu mwenyewe, maana kosa lilikuwa langu, si lake. Safari hii niliandika hivi: "I brought my son to town so that he could finish Form Four. He has not finished yet. He is in Form Two now, and I ask for your help so that he can go on." Mmeona ile sentensi ya katikati? Nimejifunza kwamba katika jambo kubwa mtu asiitegemee "could" peke yake. Sema kusudi, kisha sema wazi mambo yamefika wapi. Sentensi moja fupi ya zaidi haigharimu kitu.

Wale watu walijibu kwa upole. Lakini fedha ya mwaka ule ilikuwa imekwisha kwenda kwa mtoto mwingine, wala haikuwa haki kumnyang'anya. Kijana wetu akarudi shamba, akamsaidia mama yake hadi mwaka uliofuata, ndipo akachukuliwa tena. Sasa yuko kidato cha tatu, na wenzake aliokuwa nao wako cha nne. Akinikuta njiani huniamkia vizuri. Mama yake naye bado huja kwangu na barua zake. Ila siku hizi, nikimaliza kumsomea, hunitazama usoni na kuniuliza: "Mwanangu, hapo umeandika apate, au akapata?"

Nami hushika kalamu, nikaisoma barua tena.

Mpaka juma lijalo, wasomaji wapenzi. Kaeni salama.

Karani wenu,
Kikwajuni, Unguja